Lita 500 kwa sekunde: kisa cha Mto Ruaha Mkuu

Mwishoni mwa mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu ulikatika. Sisemi ulipungua, maana kila mto wa nyanda kavu hupungua kiangazi. Ulikatika kabisa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mahali ambapo wanyama wa kiangazi hawana kimbilio jingine la uhakika, kukabaki mchanga na madimbwi. Mvua zikanyesha, mto ukarudi. Kiangazi kilichofuata ukakatika tena, na tangu hapo kukauka kwake kumekuwa habari ya karibu kila mwaka: miaka mingine wiki chache, mingine miezi. Katika vipindi hivyo viboko hurundikana kwenye madimbwi machache yaliyosalia mpaka maji yanageuka uji wa kinyesi, samaki wanakosa hewa, na nyati wanahama kutafuta kwa kunywa.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu Ruaha Mkuu ni mojawapo ya mito ya Tanzania iliyochunguzwa zaidi, na bado unakauka. Wataalamu walikuja na vipimo, wakaweka wazi kiasi cha maji kinachokosekana, mwezi kinapokosekana na mahali kinapoishia. Majibu yao yalikuwa madogo na mahususi kuliko watu walivyotarajia. Naamini hapo ndipo mambo yalipokwamia: shida ya miezi mitano ya mwaka ilishughulikiwa kama shida ya mwaka mzima.

Tuanze na umbo la bonde lenyewe, maana bila hilo mengine yote hayaeleweki. Bonde la Usangu, ambako Ruaha Mkuu unakusanya maji yake ya mwanzo, lina eneo la karibu kilomita za mraba 21,000 na ni kama bakuli. Kusini na magharibi limezungukwa na milima ya Kipengere na Uporoto inayopata mvua nyingi. Huko ndiko inakotoka mito isiyokauka: Ruaha Mkuu wenyewe, Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera. Mito hii ikishuka chini ya milima inakutana na mashamba ya mpunga ya wilaya ya Mbarali. Inayovuka mashamba inaingia kwenye ardhioevu ya Ihefu, upande wa mashariki wa bonde. Na Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea, Ng'iriama, ambako mwamba umekatiza njia ya mto kama kizingiti cha nyumba.

Kizingiti hicho ndicho kiini cha kisa. Maji ya Ihefu yakiwa juu ya mwamba, mto unatiririka kwenda hifadhini, kisha bwawa la Mtera. Yakishuka chini ya mwamba hata kwa kidole kimoja, hakuna tone linalotoka. Kwa hiyo mtu anaweza kusimama ukingoni mwa Ihefu, akaona maji, mafunjo na ndege tele, na siku hiyohiyo mto ulio chini ya Ng'iriama ukawa mchanga mtupu. Hakuna mwizi aliyejificha katikati. Ni suala la kimo cha maji tu.

Mwaka ambao mto ulikatika ulikuwa pia wakati wa mgao mkali wa umeme nchini. Mtera na Kidatu ndiyo mabwawa yaliyokuwa yakitegemewa: Mtera ni ghala la maji lenye mtambo wa megawati 80, na maji hayohayo hushuka hadi Kidatu kuzungusha mitambo ya megawati 204. Taa zilipozimika Dar es Salaam, macho yaligeukia Usangu. Ilisemwa kwamba wakulima wa mpunga wanamaliza maji ya taifa. Ilisemwa kwamba ng'ombe wa wafugaji wamekanyagakanyaga Ihefu mpaka imekufa. Ilisemwa kwamba misitu ya milimani imekatwa. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi akiwa London kwamba hadi kufikia mwaka 2010 Ruaha Mkuu ungekuwa ukitiririka mwaka mzima.

Wakati huohuo wanasayansi walikuwa kazini. Mradi wa kwanza mkubwa, SMUWC, ulifanya kazi Usangu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2001 kwa fedha za Uingereza. Ukafuatwa na RIPARWIN, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa maji IWMI na Chuo Kikuu cha East Anglia. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kutenganisha maswali mawili ambayo siasa ilikuwa imeyafunga kamba moja: kwa nini mto unakauka kiangazi, na kwa nini umeme unakatika.

Hesabu ya swali la pili unaweza kuifanya mwenyewe mezani. Chukua mto unaotoa lita 500 kwa sekunde, yaani nusu mita ya ujazo, kuanzia Julai hadi Novemba. Hizo ni siku 153. Zidisha, unapata mita za ujazo milioni 6.6. Bwawa la Mtera linabeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 3. Maji yale ya kiangazi hayafikii hata sehemu moja kati ya mia nne za bwawa hilo. Zidisha mtiririko huo mara kumi, bado unazungumzia asilimia mbili hivi. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, na hayatoki Usangu peke yake: mito mingine miwili, Ruaha Mdogo na Kisigo, huleta karibu nusu. Uchambuzi wa uendeshaji wa mabwawa hayo uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha pia kwamba sehemu ya upungufu ilitokana na jinsi maji ya Mtera yalivyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa maneno mengine, hata kama kila banio la Usangu, yaani kizuizi cha kuchepusha maji ya mto kwenda mferejini, lingefungwa kuanzia Julai, mgao wa umeme usingeisha kwa sababu hiyo.

Watu wengi hawakuipenda habari hii, na naelewa kwa nini. Umeme ulikuwa sababu yenye nguvu ya kuutetea mto. Ukiiondoa, unabaki na viboko, samaki na wavuvi wa Ihefu. Lakini kuutetea mto kwa sababu isiyo ya kweli kuna gharama yake: dawa inaelekezwa pasipouma.

Swali la kwanza lilikuwa gumu zaidi. Kumbukumbu za mvua hazikuonyesha kupungua ambako kungeweza kueleza mto kukatika ghafla. Mafuriko ya masika yaliendelea kuja. Mabadiliko makubwa yalikuwa kwenye mtiririko wa kiangazi, tena chini ya mashamba. Mwaka 2006 Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake walichapisha modeli ya Ihefu iliyounganisha vipimo vya mito, vimo vya maji na picha za setelaiti kwa kipindi cha 1958 hadi 2004. Matokeo yake ni haya: maji yanayoingia Ihefu kati ya Julai na Novemba yalipungua kwa karibu asilimia 70, na chanzo kikuu kilikuwa maji yanayochepushwa na watu, hasa kwa umwagiliaji. Kinamasi cha kiangazi kilisinyaa kwa asilimia 40 hivi, kutoka kilomita za mraba 160 hadi 93. Na ili lita 500 kwa sekunde zitoke Ng'iriama, walisema, zinatakiwa kuingia lita 7,000 kwa sekunde, takriban mara mbili ya zilizokuwa zikiingia miaka hiyo.

Elfu saba ziingie ili mia tano zitoke. Nilipoisoma mara ya kwanza niliiona kama kosa la uchapaji, nikaamua kuihakiki. Chukua kinamasi cha kilomita za mraba 93 na ukadirie kwamba jua na mimea vinaondoa milimita 6 za maji kwa siku, kiasi cha kawaida mahali pa joto na ukavu wa namna ile. Unapata mita za ujazo 558,000 kwa siku, ambazo ni karibu lita 6,500 kwa sekunde. Ongeza lita 500 za mto, umefika elfu saba. Jua linachukua sehemu yake kwanza kila siku, halisubiri, na kinachobaki ndicho kinachopanda kizingiti.

Hesabu hii inaeleza jambo ambalo limewavunja moyo wengi. Kijiji kikifunga mfereji wake kwa nia njema mwezi Septemba na kurudisha mtoni lita 100 kwa sekunde, lita hizo hazionekani hifadhini. Zinaishia Ihefu, zinapandisha maji kidogo, jua linazila. Mpaka kiasi kinachorudi kivuke mpaka fulani, mto unabaki mkavu kana kwamba hakuna aliyefanya lolote. Mkulima aliyejinyima anaambiwa mto bado umekauka. Ndiyo maana hatua za kijiji kimojakimoja haziwezi kupimwa kwa kuangalia mto chini ya Ng'iriama. Zinapaswa kupimwa kwenye mdomo wa kila mto unaoingia Ihefu. Kwangu hili ni muhimu kuliko kauli zote zilizowahi kutolewa kuhusu Ruaha.

Sasa twende kwenye mabanio, ambako sayansi tumizi ilikuta kosa lake yenyewe.

Banio la asili la Usangu lilijengwa kwa miti, mawe, nyasi na udongo. Lilivuja. Kila masika mafuriko yalilibomoa na wakulima wakalijenga upya. Kwa macho ya mhandisi hiyo ni hasara: nguvu kazi inapotea, maji yanapotea. Basi miradi ya kuboresha umwagiliaji ikaleta mabanio ya zege yenye milango ya chuma. Mashamba makubwa yalikuwa nayo tayari, Mbarali tangu miaka ya 1970, Kapunga baadaye. Eneo la mpunga la bonde zima lilipanuka kutoka hekta elfu chache hadi kati ya hekta 20,000 na 40,000, kutegemea mvua ya mwaka.

Kilichosahaulika ni kwamba uvujaji wa banio la asili ndio uliokuwa fungu la jirani wa chini. Banio la zege halivuji. Likiwekwa kukinga mto mzima, mwezi Agosti linaweza kuchukua karibu kila kitu. Kibali cha maji nacho kiliandikwa kwa kiasi kisichobadilika, lita kadhaa kwa sekunde, kana kwamba mto ni bomba. Tuseme kibali ni lita 1,000. Masika mto ukiwa na lita 20,000, mwenye kibali anachukua sehemu moja ya ishirini, na hakuna anayelalamika. Kiangazi mto ukiwa na lita 1,200, mwenye kibali anachukua zilezile 1,000, na sheria iko upande wake. Tena amelipia ada. Kulipa kulikokusudiwa kuwafanya watu wabane matumizi kuliwapa wengine hoja ya kudai maji ambayo mto haukuwa nayo.

Bruce Lankford wa East Anglia na wenzake walipendekeza kwamba banio lijengwe likiwa na tabia mbili. Masika liwe na kikomo, lisiweze kuchukua zaidi ya kiasi fulani hata mafuriko yakija. Kiangazi ligawe kwa uwiano, mathalani robo iingie mferejini na robo tatu zishuke, mto uwe na lita elfu au lita mia. Hilo linawezekana kwa ukuta wa kugawa mkondo, bila mlango wa kufunga na kufungua na bila mlinzi wa usiku. Jambo linalonigusa ni kwamba kugawana kwa uwiano wakati wa uhaba ndiyo desturi ambayo wakulima wenyewe walikuwa nayo kwa zamu zao za maji. Zege lilikuja kuivunja desturi hiyo, na zege lilelile lingeweza kufinyangwa liihifadhi.

Kuhusu ubadhirifu wa maji mashambani, utafiti ulitoa jibu lisilozoeleka. Maji yanayovuja kutoka jaruba la juu huingia jaruba la chini, na yanayotoka kwenye shamba kubwa hukusanywa na wakulima wadogo walio nyuma yake. Ukipima mfereji mmoja, unaona upotevu mkubwa. Ukipima bonde zima, upotevu ni mdogo sana kuliko ilivyodhaniwa. Kwa hiyo kusakafia mifereji si lazima kuurudishie mto kitu. Mara nyingi kunamnyang'anya mkulima wa mwisho na kumpa wa kwanza, ambaye huongeza eka.

Upotevu wa kweli ulikuwa kwenye kalenda. Wapo wanaoanza vitalu mapema, mvua hazijaja, ili wavune kabla bei haijashuka. Wapo wanaopandikiza mwishoni, mashamba yao yakabaki na maji mpaka karibu na Julai. Majaruba yanakaa na maji miezi mingi kuliko mpunga mmoja unavyohitaji. Kisha mavuno yanakwisha, na mfereji haufungwi. Kwa nini? Kwa sababu ndio kisima cha kijiji. Watu wanakunywa humo, wanafua, wanafyatua matofali, mifugo inanywa.

Hebu tulipime hilo nalo. Kijiji cha watu 2,000, kila mmoja lita 40 kwa siku, kinahitaji lita 80,000, ambazo ni pungufu ya lita moja kwa sekunde. Kuifikisha lita hiyo moja kijijini kwa mfereji wa udongo wenye kilomita kadhaa, huenda ukahitaji kuchepusha lita 50 au 100, maana nyingi zinanywewa na ardhi na jua njiani. Kisima kirefu chenye pampu kingetoa lita ileile moja, na hadi lita 99 zikabaki mtoni. Watafiti walilisema hili waziwazi zaidi ya miaka ishirini iliyopita: chimba visima, kisha funga mifereji kiangazi. Nasema kwa uchungu kwamba katika mapendekezo yote ya Usangu sijaona lenye bei nafuu zaidi ya hili, wala lenye haki zaidi. Linamwachia mkulima mpunga wake, linampa mama maji safi, na linarudisha maji mtoni katika miezi ileile yanapohitajika.

Namna walivyowafikishia wanavijiji hesabu hizi inastahili kusimuliwa. Walitengeneza ubao mkubwa wa mbao uliochongwa kama bonde: mto mkuu unateremka katikati, mifereji inachepuka pembeni, na kila shamba lina vishimo. Maji yalikuwa gololi za kioo. Ubao unainamishwa, gololi zinaachiwa kutoka juu, na kila mchezaji anaweka kijiti mtoni kuzielekeza kwenye mfereji wake. Wa juu anajaza vishimo vyote. Wa chini anakaa mikono mitupu. Kisha wanabadilishana nafasi, na aliyekuwa juu anashuka chini kusubiri gololi zisizofika. Baada ya hapo wanakaa kuzungumza: nani aanze kitalu lini, zamu ziende vipi, nani afunge nini mwezi gani. Chati ya mtiririko ingehitaji mkalimani. Gololi hazikuhitaji.

Hatua zilizochukuliwa na dola zilikwenda upande mwingine. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji pamoja na mifugo yao waliondolewa Usangu kwa nguvu, wengi wakaelekezwa mikoa ya kusini mashariki, ingawa SMUWC ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba ng'ombe hawakuwa sababu kuu ya mto kukauka. Mwaka 2008 Pori la Akiba Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, Ihefu ikawa ndani ya hifadhi. Inawezekana kabisa ndege na samaki wa Ihefu walipata nafuu, na hilo si dogo. Lakini maji ya kiangazi huchepushwa juu ya Ihefu, kwenye mabanio, na mpaka wa hifadhi hauyafikii mabanio. Mwaka 2010 ulifika na kupita, mto ukiendelea kukatika. Mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, aliunda kikosi kazi cha kuuokoa mto huohuo.

Sheria kwa upande wake haina pengo. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iliyapa mazingira nafasi ya pili baada ya mahitaji ya msingi ya binadamu, mbele ya umwagiliaji na umeme. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 ina nguvu ya kutenga maji ya mto kabla ya kugawa vibali.

Yapo mapendekezo ya kihandisi makubwa zaidi. Moja ni bwawa la Lugoda kwenye Mto Ndembera, la kuhifadhi maji ya masika na kuyaachia kiangazi. Jingine ni kuweka kidhibiti Ng'iriama chenyewe, ili maji ya masika yazuiwe na kutolewa polepole. Hilo la pili linanitia wasiwasi. Ukipandisha maji Ihefu, unapanua pia uso wake, na tumeshaona jua linavyolipwa kwa kila kilomita ya mraba. Kidhibiti kinaweza kuupa mto wiki kadhaa za ziada, lakini bila lita za kutosha kuingia kutoka juu hakiwezi kuufikisha Novemba. Lugoda lingeleta lita za kuingia kiangazi, lakini kwa masharti: maji yake yapite mbele ya mabanio ya Ndembera bila kuchepushwa. Na hapo tunarudi palepale, kwenye ukuta wa kugawa mkondo, kisima cha kijiji na tarehe ya kufunga mfereji.

Kama ningepewa kiangazi kimoja tu cha kujaribu, ningechagua mto mmoja, tuseme Mbarali. Visima vingechimbwa kwanza, vikahakikiwa kwamba vinatoa maji. Kisha ingewekwa tarehe ya kufunga mifereji, iliyokubaliwa na jumuiya za watumia maji baada ya kukaa kwenye ule ubao wa gololi. Na kipimo kingewekwa pale Mbarali unapoacha mashamba, kikisomwa kila asubuhi na kuandikwa mahali ambapo mkulima wa juu na mvuvi wa chini wote wanaweza kukisoma.